Kapiteni Anayetembea Nyuma

Mama alizikwa Kitshanga, kwenye kambi tuliyokimbilia vita, siku ya mvua, na baba hakujua. Yeye alikuwa amebaki kijijini kwetu Burungu na ng'ombe wake, akisema hawezi kukimbia akaacha wanyama wenye mimba. Kila siku kaka yangu mkubwa na mimi tulimpigia simu, na kila siku yule mwanamke wa mtandao alituambia kwa Kifaransa kwamba mtu wetu hapatikani. Niseme ukweli: tulimshukuru.

Simu tuliichajisha kwa mama mmoja mwenye ukumbi wa michezo ya televisheni na paneli za jua juu ya bati. Ndiyo maana tulishinda pale. Kuiacha simu hatukuweza, na kukaa kambini tukitazama mkeka wa mama hatukutaka. Basi tukacheza.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa askari wa miaka ijayo, wanaoshuka kwenye sayari ya mawe mekundu. Wewe ni kapiteni, una watatu chini yako: mmoja wa bunduki kubwa, mmoja fundi wa kufungua milango, mmoja daktari. Wanasema Kifaransa cha Ulaya, cha haraka, hata wakifa. Akianguka mmoja, anapiga magoti na kukuita, na juu ya kichwa chake mstari mwekundu unaanza kupungua. Ukimfikia kabla haujaisha, unabonyeza, anasimama na kuendelea na kazi. Ukichelewa, wanakuletea mwingine wa sura ileile, sauti ileile. Hilo lilinikera kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Kaka alifanya kosa ambalo waliotengeneza mchezo, nadhani, hawakuliwaza. Kwetu mchungaji anatembea nyuma ya ng'ombe. Kwa hiyo kaka, siku ya kwanza ya ukapiteni, akasimama ili askari wake watangulie. Nao wakasimama, wakimtazama, maana kazi yao ni kumfuata. Akazunguka kwenda nyuma yao. Wakageuka. Akazunguka tena, mara hii akiwapigia mluzi kwa mdomo wake mwenyewe. Adui wakawakuta wote wanne wakizungukana kama kuku, na habari ikaishia hapo.

Mwenye ukumbi alicheka mpaka akaweka chini kikapu alichokuwa anasuka. "Kapiteni gani huyu anatembea nyuma?"

"Njo vile naona bote," kaka akajibu bila kugeuka. "Ukiwa mbele, utajua aje nani amebakia?"

Baadaye alikigundua kitufe cha amri: unaonyesha mahali, wao wanakwenda. Tangu hapo hakuna aliyemweza. Alikaa nyuma kabisa, akampeleka mwenye bunduki kubwa kwenye jiwe, fundi mlangoni, daktari katikati, na yeye akiwaangalia migongo.

Mimi nilipenda maadui. Kulikuwa na wale wadogo wa miguu mingi, wanaokuja kwa wingi ili umalize risasi. Kulikuwa na wenye ngao, ambao lazima askari mmoja awachokoze mbele huku wewe unapita nyuma. Wanaoruka hawakuui haraka, kazi yao ni kukutoa mafichoni. Na kulikuwa na mmoja mwembamba, hana silaha yoyote, anasimama mbali na kuita wenzake. Usipomuua huyo kwanza, kazi haiishi. Kila mmoja aliwadai askari wetu jambo jingine, na hapo ndipo akili ya mchezo ilipokuwa. Lakini tulipofika sayari ya tatu, walikuwa walewale, wamepakwa rangi ya kijani. Uvivu mtupu! Nilikasirika siku nzima, na nilifurahi kukasirika, kwa sababu kingine chochote sikuwa ninakisikia. Sikuwa nimemlilia mama. Moyo ulikuwa kama mkono uliolaliwa. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Baba mdogo alikuwa ametuonya. Mtu haambiwi kifo cha mke wake kwenye simu. Unamwambia anaumwa kidogo, aje. Akifika anakalishwa, anapewa maziwa, wakubwa wanakaa kushoto na kulia kwake, halafu ndipo anaambiwa. "Mukisema kwa simu," alisema, "nani atamushika?"

Siku simu ilipolia tulikuwa kwenye daraja la chuma. Daktari wetu alikuwa ameanguka upande wa pili na kaka alikuwa anakimbia kumfuata. Mwenye ukumbi akaiangalia ile simu katikati ya nyaya zake.

"Papa yenu njo anaita."

Kaka akaweka chini ile manette ya kuchezea. Akaipokea simu, akafungua sauti ili wote wawili tusikie. Baba alikuwa amepanda mlima mrefu kutafuta mtandao, alihema. Alituambia kwanza habari za ng'ombe: ile ya rangi ya majivu imezaa, ndama ni jike, wote wazima. Kisha akasema, "Munipe Mama yenu, nimuambie mwenyewe."

Kwenye televisheni daktari aliendelea kuita. Mwenye ukumbi akazima.

"Mama iko mugonjwa kidogo, Papa," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, imenyooka. "Kuya."

Baba ni mtu mzima. Maneno hayohayo amewahi kutumwa nayo kwa wengine, akayasema mlangoni mwao kwa sauti nzuri, iliyonyooka. Tulisikia upepo. Tulisikia fimbo yake ikigonga jiwe, kisha nguo zikikwaruza, kisha pumzi ya mtu anayejishusha taratibu bila wa kumshika.

"Nimekaa," akasema. "Mulimuzika wapi?"