Kiganja cha Mama Watoto

Kiwanda cha mashua za faiba kilipofungwa, Fundi Msasa alikuwa nyumbani akipokea pole za msiba wa mkewe.

Mkewe ndiye aliyeipaka gundi ile kalibu kubwa ya kufinyangia mashua, ilipotengenezwa miaka ishirini nyuma. Aliteleza, kiganja kikazama kwenye gundi mbichi, alama ikagandia humo, na tangu hapo kila mashua ilitoka na kiganja chake ubavuni, vidole vyote vitano vimetuna. Bosi, bahili asiye na haya, alikataa kutengeneza kalibu nyingine. Akamkabidhi mume msasa.

Kila mashua ilipotoka, fundi alikisugua kiganja mpaka kikapotea. Jioni humtania mkewe, "Leo nimekufuta tena, mama watoto."

"Kesho nitarudi," mke hujibu.

Msiba ulipokwisha alikwenda kiwandani, akakuta kalibu imekatwa vipande na kutupwa jalalani. Ilibaki mashua moja tu, ya mwisho aliyoisugua kabla ya msiba. Akapapasa ubavu wake taratibu, akarudia, akarudia tena. Palikuwa laini kama kioo.

"Mkono wako hauna mpinzani, Fundi," mlinzi alimsifu. "Hata alama haikubaki."