Wifi Yangu Alivyojipima

Jirani aliwahi kuniuliza, “Mama, wifi yako na yule binti wa hospitali wamekosana nini, mbona hata salamu hamwitikii?” Niliona aibu kumjibu. Ulikuwa wivu, Mungu amsamehe.

Wifi alipima matumbo ya wanawake kwa ultrasaundi miaka ishirini na miwili. Ikaletwa mashine mpya, inayoonyesha kwa rangi damu inavyopita kwenye uvimbe wa ovari, ili saratani igundulike mapema. Aliyepelekwa kuisomea ni yule binti, ambaye wifi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

“Hizo katuni za watoto, si vipimo,” alikuwa akisema kwa kijicho.

Tumbo lake lilipoanza kujaa, alijifungia na mashine ya zamani akajipima mwenyewe, shingo imempinda akitafuta kuona kioo cha mashine. “Maji tu haya,” akaniambia. Mwezi uliofuata sketi zikakataa kufunga.

“Wifi,” nikamwambia, “huo wivu wako utakuzika.”

Alininunia siku tatu. Siku ya nne tuliingia sote hospitalini, kwenye chumba cha mashine mpya alimokuwa binti. Wifi akavua viatu, akapanda kitandani.

“Mwanangu,” akasema, “nipime wewe, halafu uniambie ukweli.”