Pano Zilizoangalia Choo

Nilimaliza masomo ya jioni ya pano, yaani paneli za umeme wa jua, nikiwa wa kwanza darasani. Tulikuwa saba, watatu walikuwa wanasinzia tangu mwalimu anaposema bonsoir ya kutusalimia, na mmoja alikuwa anakuja kuchaji simu tu. Lakini wa kwanza ni wa kwanza, na siku ya diploma mama yangu alilia machozi ya kujaza ndoo mbili. Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na fotokopi ya fotokopi ya kitabu kimoja kilichotoka Ulaya, imefifia hivi kwamba mwalimu alikuwa anaiinua mpaka kwenye balbu ndipo aione. Mimi niliikariri yote. Ungeniamsha usingizini ungenisikia nasema: hesabu vyombo, hesabu saa, zidisha, ongeza siku moja ya akiba, pano zielekee kusini.

Kusini. Mulishike neno hilo, maana mimi nililishika kuliko mtu yeyote Lubumbashi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama muuza samaki wa Kamalondo, mjane, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka zamani kutoka Katanga ya kaskazini. Chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake alikifanya duka: konjelateri tatu, yale majokofu makubwa ya kugandishia, zimejaa samaki wa makatoni. Umeme wa mji ulikuwa unakatwa kwa zamu, delestaji, na hiyo zamu sijui nani alikuwa anaijua, labda malaika. Ukikatika siku mbili, mama alikuwa anakimbia na makatoni kichwani kutafuta mtu mwenye jenereta. Alichoka. Akataka nimpangie pano za jua na batri za kulinda samaki hata giza likiingia.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikuwa anachukua samaki mmoja na kumgonga kwenye ukingo wa konjelateri. Ko! Akilia kama ubao, siku ni nzuri. Akilia kama kiatu chenye maji, siku imeharibika kabla haijaanza.

Nilikaa kwake siku tatu na daftari langu. Nilihesabu kila kitu. Nilihesabu mara ngapi anafungua kila mfuniko, nikamwomba apunguze.

"Weye ulikuya kupanga kuran ya umeme ao kunichunga mimi?" akaniuliza.

Nikaona pia waya mmoja unapanda ukuta na kupotea kwa jirani.

"Na huu unaenda wapi, Mama?"

"Ule iko ya fundi. Mashini moja tu. Marehemu njo alimupitishia."

Fundi alikuwa mshonaji, mzee wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, mwenye cherehani ya mota. Mume wa mama alipokuwa hai aliununua waya huo yeye mwenyewe, akaupitisha juu ya ukuta, na tangu hapo nyumba yenye umeme ilikuwa inampa jirani bila mtu kuuliza. Mimi niliuandika kwenye hesabu huku nikinung'unika, kama mtu anayelazimishwa kununua tiketi ya mwenzake.

Ikaja habari ya paa. Paa la mama lilikuwa na pande mbili. Mmoja uliangalia avenyu, barabara ya mbele, kaskazini, upande wa mgodi wa Kinsevere. Mwingine uliangalia uwanja wa nyuma, kusini, kwenye kamba za nguo na choo. Mama alitaka pano upande wa avenyu.

"Bantu baone," alisema. "Banasemaka samaki yangu inaoza. Baone mapano."

"Mama, sayansi haitaki vile. Kitabu kinasema kusini."

"Kusini kwenye choo?"

"Kusini kwenye choo."

"Ule muzungu wa kitabu, alishaka kuona choo yangu?"

Nikacheka kile kicheko cha watu wenye diploma. Nikatoa simu, nikafungua dira, nikamwonyesha mshale. Kusini kabisa, si kidole kimoja pembeni. Nikapandisha pano upande wa nyuma na kuzifunga kwa boliti ambazo zingeshikilia daraja.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua inanyesha. Na ilifanya kazi! Kati ya mvua na mvua jua lilikuwa linachungulia saa mbili tatu, na batri zinajaa mpaka nikaogopa zitamwagika. Ko! kila asubuhi. Watu wa avenyu walikuja kuangalia batri kama wanaangalia mtoto mchanga. Nilitembea Kamalondo nzima kifua mbele.

"Na hii ni mvua, Mama," nikamwambia. "Ngoja kiangazi, mawingu yaishe. Utakuwa na umeme wa kuwauzia Wazambia."

Mvua zikaisha. Mwezi wa tano ukaingia na mbingu safi kama sahani iliyosuguliwa, hakuna hata wingu la kufutia jasho. Na umeme ukaanza kupungua.

Nilidhani nimesoma kipimo cha batri vibaya. Nikasoma tena. Umepungua. Mwezi wa sita ukaja na baridi yake, watu wakavaa makoti mazito, na konjelateri zenyewe, ungeweka mkono juu yake ungesikia zimetulia, maana chumba kilikuwa baridi tayari. Jua limeongezeka, kazi imepungua, na bado kila alfajiri batri zilikuwa tupu. Nilirudia hesabu zangu mara mia tatu. Nilizidisha, nikagawanya, nikageuza daftari juu chini. Kila jibu lilisema mama ana umeme mwingi. Samaki tu ndio hawakusoma daftari.

Nikasema ni vumbi. Nikawa napanda juu ya paa kila asubuhi na ndoo na sabuni, naosha pano kama sahani za harusi. Hapana. Nikasema ni baridi inaumiza batri. Nikazifunika blanketi, blanketi yangu mwenyewe, nikalala natetemeka wiki nzima. Hapana. Jirani mmoja akashauri tuite mwombezi aombee paa, na naapa siku hiyo nilifikiri kidogo.

Asubuhi moja mama akagonga samaki wa konjelateri ya tatu. Pwa. Alisimama na samaki mkononi. Kisha akaniambia nimsaidie kubeba. Avenyu yote ilikula samaki wa bure siku hiyo, mchana na jioni, mpaka paka wa Kamalondo wakawa wanakataa.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia natafuta kitu cha kushika. Nilikosa pa kuweka kosa, nikakumbuka waya wa fundi. Nikamwambia mama pale dukani, mbele ya fundi mwenyewe aliyekuwa ameingia na mkasi wake mkononi, kwamba bila shaka kuna mtu anakula umeme kuliko nilivyoandika.

Fundi aliweka mkasi chini.

"Enjenia," akasema, "mashini yangu inakula kiloko, kidogo kuliko redio yako."

"Hesabu haidanganyi, Papa."

"Kama haidanganyi, iulize tena."

Mama aliangalia ukuta, akaangalia konjelateri ile tupu. "Dugu yangu," akamwambia fundi kwa sauti ndogo, "tujaribu tu siku kidogo."

Fundi hakungoja mtu. Alichomoa waya yeye mwenyewe, akauviringisha vizuri kama anaviringisha kitambaa cha mteja, akampa mama kwa mikono miwili. "Chunga, Dada. Iko ya marehemu." Akarudi kwake, akatoa kwenye kona cherehani yake ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Kwa siku nyingi nilikuwa nasikia kupitia ukuta: kra-kra, kra-kra.

Umeme haukuongezeka hata tone.

Jumatano mama akanikalisha. Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu mmoja wa mtaa wa Hewa Bora atakuja Jumamosi na mkokoteni kuchukua konjelateri zote tatu. Mama mwenyewe atarudi kuuza makala, makaa ya kupikia, kama zamani, maana makala hayaozi. Wateja wake walishaanza kununua samaki kwingine, na mtu akishapata samaki laini mara moja hakupi mara ya pili.

"Nipe mpaka Jumamosi," nikasema.

"Njo nimekupa," akajibu. "Leo iko Jumatano."

Alhamisi saa tatu asubuhi nikafika na daftari chini ya koti. Nikapita moja kwa moja uwanja wa nyuma, chini ya pano zangu. Hakuna mtu. Kivuli cha nyumba kimefunika nusu ya uwanja, nguo za jana kwenye kamba bado zina maji, na baridi ile ya kukuingia mpaka kwenye meno. Nikaita. Sauti ikanijibu kutoka mbele.

Nikazunguka. Watu wote walikuwa upande wa avenyu. Mama amekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta, mihogo yake imetandazwa kwenye mkeka mbele yake. Majirani wawili pembeni yake. Fundi naye ametoa cherehani yake ya miguu nje, amekaa kwenye mwanga na kofia yake, anashona. Nilipofika tu pale nikasikia joto usoni, kama mtu amefungua mlango wa jiko.

"Mbona mumehamia barabarani wote?" nikauliza.

Mama akaniangalia kama ninaumwa. "Mwezi wa sita jua iko huku. Kule nyuma nguo inakauka siku mbili. Weye ulizaliwa wapi?"

"Alizaliwa mu kitabu," akasema fundi, miguu haikusimama.

Majirani wakacheka. Mimi sikucheka. Niliangalia kivuli cha nguzo ya umeme. Kilikuwa kimelala kuelekea nyumba, kuelekea uwanja wa nyuma, kuelekea choo. Nikaangalia juu, jua lilikuwa upande wa Kinsevere. Nikaangalia tena kivuli. Nilisimama pale muda mrefu, mama alinisimulia baadaye kwamba mihogo ilikauka nikiwa nimesimama.

Yule mtu wa kitabu, kwake Ulaya, jua linapita kusini mwaka mzima. Sisi tuko upande mwingine wa dunia. Wakati wa mvua linasogea kusini kidogo juu ya vichwa vyetu, na ndiyo utukufu wangu wote ulitoka hapo. Ikifika baridi linahamia kaskazini na kukaa huko. Pano zangu zilikuwa zimeligeuzia mgongo. Na mimi nilikuwa nalijua jambo hilo! Tangu utotoni nimeota jua la mwezi wa sita kwenye ukuta wa kaskazini wa nyumba yetu. Mgongo wangu ulikuwa unajua. Kichwa, tangu kipate diploma, kilikuwa hakiulizi mgongo kitu.

Ningeweza kusema kwamba pano zinahamishwa kila kiangazi, ndiyo kanuni. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini kra-kra ya fundi ilikuwa karibu sana.

"Mama, kitabu kilikosea."

"Kitabu njo ilipanda juu ya paa?"

"Nilikosea mimi. Na Papa hakuiba kitu."

Fundi akakata uzi kwa meno. Ngazi ndefu kwenye avenyu ile ilikuwa moja, ile ile niliyokuwa naazima, na ilikuwa yake. Nilimwomba mbele ya wote. Akakunja nguo aliyokuwa anashona, kisha akainuka, akaileta, akaishika chini kwa mikono yote miwili siku ile na kesho yake, mpaka alipoenda kwenye sala ya Ijumaa. Zile boliti za daraja zilinitoa ngozi ya vidole vyote kumi. Ijumaa adhuhuri pano zote zilikuwa zinaangalia avenyu.

Jumamosi mama akagonga. Ya kwanza, ko! Ya pili, ko! Ya tatu, tuliyoirudishia samaki jana yake, ililia kama mlango uliovimba, si mbaya. Mtu wa Hewa Bora akafika na mkokoteni wake, akaambiwa konjelateri haziko za kuuza tena. Akalalamika mpaka avenyu ikatoka kusikiliza, akaondoka na samaki wanne kwenye ule mkokoteni mkubwa.

Mama akaniwekea waya ulioviringishwa mikononi. "Peleka."

Nilimkuta fundi anakanyaga. Nilisema maneno yote ya msamaha niliyokuwa nimeyapanga, yeye anashona tu.

"Weka pale," akasema. "Nitakanyaga kwanza wiki moja. Kusudi usiseme ni mimi."

Akakanyaga wiki moja kweli. Kila asubuhi mama alipokuwa anagonga samaki wake, kra-kra ya ng'ambo ya ukuta ilikuwa inasimama kidogo, inasikiliza, kisha inaendelea. Siku ya nane nilikuwa dukani. Mama akagonga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ko! Ko! Ko! Kra-kra ikasimama, haikuendelea. Kisha waya ukachungulia juu ya ukuta, nikaupokea, nikauchomeka mahali pake, na ng'ambo ya ukuta mota ya cherehani ikaanza.