Mume wangu kaacha uwakili kaenda kufundisha chekechea, sasa nawaonea wivu watoto wa watu

Wakuu, hodi humu. Wakubwa shikamooni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi wala sijapunguza. Na nyie wa kataa ndoa tulieni kwanza, nimalize.

Mimi ni mama, nauza vitenge hapa Tunduma. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa wakili. Mjini walikuwa wanamwita "wakili msomi", na mimi nikipita sokoni napishwa njia. Sidanganyi, nilikuwa naona raha.

Kesi zake nyingi zilikuwa za mashamba ya kahawa huko Mbozi. Mtu na kaka yake, tumbo moja, hawasalimiani. Alikuwa akirudi nyumbani anakula kimya, analala kimya. Ukimsemesha anakujibu "mmh".

Siku moja akaniambia, "Mama Neema, nimechoka kugombanisha ndugu. Nataka kufundisha watoto wadogo."

Nilicheka nikijua utani. Kumbe mwenzangu kashaamua. Akaenda kusomea ualimu wa awali, akapata kazi kwenye shule moja ya binafsi njia ya kwenda Vwawa. Mama mkwe kule Isongole alipiga simu analia, eti mwanangu amerogwa.

Pesa kupungua nilitarajia, hilo wala halikuniuma.

Kilichoniuma ni kwamba mume wangu alianza kuwa na furaha.

Anaoga anaimba. Anapiga pasi shati mwenyewe, asubuhi na mapema, anawahi! Mezani sasa anaongea, ila habari ni za huko huko. Leo fulani kajua kufunga kamba za viatu. Leo fulani kalia, nimembembeleza. Mimi namwambia biashara imekuwa ngumu, ananijibu "mmh".

Nikajisemea, aka, hapa kuna mchepuko. Mwanaume haimbi bafuni bure.

Basi juzi nikamwachia jirani duka, wateja wangu Wazambia nikawaacha wanachagua vitenge, nikapanda boda mpaka shuleni. Wakuu, nilienda kwa shari. Hata kilemba nilikifunga cha kugombana.

Nikakuta ni saa ya uji. Baridi la huku mnalijua. Watoto wamekaa kwenye viti vidogo, na wakili msomi kapiga magoti chini, na suruali yake.

Katoto kamoja kakamnyooshea kikombe. "Ticha, wa moto!"

Akakipokea, akapuliza. Akaonja kwa ncha ya mdomo, akapuliza tena, akakarudishia. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Anawapoozea mmoja mmoja, anacheka nao.

Daah. Ningemkuta na mwanamke ningejua pa kuanzia. Sasa mtoto wa chekechea nitamwanzishia ugomvi gani?

Nilisimama pale mlangoni. Tangu anioe, huyu mwanaume hajawahi kunipoozea hata chai. Nimezaa naye, nimeuguza mama yake. Wale wamemjua juzi tu!

Kasichana kamoja kakaniona. "Mama, na wewe unataka uji? Kikombe chako kiko wapi?"

Baba Neema akageuka. Niligeuka nikaondoka, sikumsalimia.

Jioni kimenuka. Nilimwaga yote. Yeye kanisikiliza mpaka mwisho, bila "mmh" hata moja, halafu akasema taratibu, "Mama Neema, wewe kila nikikuuliza unasema uko sawa. Wale hawasemi wako sawa. Wananyoosha kikombe."

Nikamjibu, "Kwa hiyo kosa langu?" Nililala nimempa mgongo.

Asubuhi nikamimina chai. Ilikuwa inafuka. Nikamnyooshea kikombe changu.

Akakitazama. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Akakipokea, akapuliza, akaonja, akapuliza tena. Alipuliza mno, wakuu, ilinifikia ya baridi kabisa. Niliinywa yote.

Funzo nililopata: wanawake wenzangu, tusijikaushe na kusema tuko sawa huku tunaungua. Nyoosha kikombe.

Ila wivu haujaisha, nisiwadanganye. Saa hizi naandika hapa dukani, najua ni saa ya uji kule, na kapiga magoti.

Wanaume mliomo humu, semeni ukweli: nyumbani kwenu mara ya mwisho mmempoozea nani?