Magimbi Yaliyokwenda Kituoni

Watafiti wa kituo cha magimbi walipopanda hadi kijijini kwake, milimani katika kisiwa cha Malaita, Nester Osifelo aliwang'olea mashina yote matatu ya gimbi la zambarau, lile lililotunzwa na mama yake tangu ujana. Hakujibakizia hata moja. Msimcheke. Kwao, anayepokea kipando anamtunzia mwenyewe, na shamba la mwenyewe likiharibika, anamrudishia. Ukungu ulikuwa umeanza kuozesha mashamba ya jirani, na kituo kilikuwa na uzio na wasomi. Akalala usingizi wake.

Mwaka wa tano mama yake akafariki. Matanga ya kwao hayaishi mpaka gimbi la marehemu lipondwe kwa tui na wafiwa wote walile. Nester akapanda lori, kisha meli, akafika kituoni na kikapu kitupu.

Kemuel, mtafiti aliyeyapokea mashina kwa mikono yake, alimpa kiti na chai. Akaeleza kwa aibu kwamba mradi ulifungwa zamani na shamba likapitishwa trekta. Ripoti ilikwenda ng'ambo kwa wafadhili, nao wakaisifu sana.

"Waliuliza gimbi langu liko wapi?"

"Hawakuuliza, mama."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Kemuel alitazama chini. "Ile ripoti haikuwa na mahali pa kukuambia wewe."

Mtu mzima, msomi, anasema hivyo mbele ya mfiwa! Na kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli.

Akamletea miche ya gimbi jipya lisiloshikwa na ukungu. Nester akauliza imetoka shamba la nani. Kemuel akageuza kibandiko, kina namba tupu.

"Sasa huyo mwenyewe likimwishia, mimi nitamrudishia nani?"

Nester akaiacha miche mezani, maana hakutaka kukaa na mali ya mtu asiyemjua.

Matanga yalimalizwa kwa wali wa dukani. Watu walikula kidogo, wakanawa. Dada yake mdogo ndiye aliyemsogelea na kumuuliza wale watu wa kituo watalileta lini gimbi la mama.

"Halirudi," Nester alisema. "Usiwangoje. Nililing'oa mimi."