Gari la Kaka na Gari la Uani Kwetu

Kaka yangu na mume wangu walinunua magari mawili siku moja, kwenye uwanja wa mkandarasi mmoja pale Kerende. Yalikuwa ya zamani na ya kufanana: boneti ndefu, milango miwili, injini kubwa iliyosifika enzi zake kwa kunguruma. Siku hiyo hayakunguruma. Kuku walikuwa wametagia ndani.

Kaka ni mfanyabiashara na ana ndugu wengi upande wa Kenya, basi lake likapelekwa huko kwenye gereji ya mafundi wenye majina. Miezi minne baadaye likarudi jekundu, unajiona meno kwenye mlango. Mbele liliwekwa siti mbili za ngozi, nyuma wakang'oa siti zote ili liwe jepesi. Likipita Turwa watu walisimamisha maongezi.

La mume wangu liliingia uani kwetu likivutwa na ng'ombe wawili wa jembe. Yeye ni fundi wa mageti na madirisha, na alisema wazi kwamba gari ni geti lenye magurudumu. Alilitengeneza miaka sita. Miaka sita mimi sina pa kuanika mtama. Grisi niliikuta kwenye taulo, kwenye sufuria, mara moja kwenye sare ya kwaya. Bampa ilikuwa bomba la maji, dashibodi ilikuwa meza yetu ya kulia, na rangi ni ile ile ya kijani anayopaka mageti ya watu. Nilimsema sana, na sikumsema kwa upole. Nililionea aibu gari lile, ndiyo ukweli.

Lilikuwa limeanza kutembea vizuri mwaka ule macho ya mama yangu yalipofunikwa na mtoto wa jicho. Mama aliishi kijijini, upande wa Nyamongo, na alikuwa amefika mahali pa kumtambua mbuzi kwa kumpapasa. Tukasikia madaktari wa macho wamekuja Mugumu kwa siku tatu tu. Habari ilitufikia siku ya tatu, asubuhi. Kaka alikuwa safarini Mwanza, lakini akasema kwenye simu, "Chukueni langu. Shemeji aendeshe. Mama asipelekwe kwenye hilo geti."

Nilifurahi, tena upesi. Nilitaka mama aketi kwenye ngozi kama mtu. Mume wangu alinitazama akasema, "Una hakika?" Nikamjibu apande gari tusichelewe.

Tulipofika kwa mama, mume wangu alishuka akaenda kusimama mbali, nyuma ya zizi, kaupa mgongo mlango wa nyumba. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, wala hakuna ugomvi ndani yake. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilijidanganya kwamba ugonjwa ungelilegeza. Mpango wangu ulikuwa nibaki na mifugo ya mama, wao waende.

Mama alikuja na mfuko wake, akaingiza mkono garini. Akapapasa siti ya kwanza, akapapasa ya pili, akatafuta ya tatu.

"Nani anaendesha?"

"Mkwe wako, mama."

Alirudi ndani akakaa kitandani. "Nitabaki na macho yangu haya," alisema. Hakuwa na hasira. Nilimbembeleza, nikalia, hakubadilika. Mafundi wale wa Kenya walikuwa hodari, lakini hawakuwa na mama mkwe wa kwetu wa kumfikiria. Mimi nilikuwa naye, na sikumfikiria.

Kule zizini mume wangu alisema, bado katupa mgongo, "Mwambie mama nafuata langu. Avae sweta, lina upepo."

Hadi leo naona aibu nikikumbuka kungoja kule, jua likipanda, saa za madaktari zikiisha. Alirudi saa saba na vumbi hadi kwenye kope. Gari la kijani halikuwa na siti mbili. Alikuwa amekata mlango wa tatu, mdogo, wenye komeo, unaoingia nyuma kwenye benchi pana. Kati ya benchi na dereva alichomelea bati zito lenye kidirisha na pazia. Siku alipolichomelea nilimuuliza anatengeneza gari au mahabusu, akaendelea na kazi. Sasa nilielewa lilikuwa la nani.

Mama alipapasa benchi, akapapasa bati kutoka juu hadi chini, akapanda mwenyewe. Mifugo nikaiachia jirani, nikapanda ubavuni mwake.

Tulifika Mugumu wanakusanya vifaa. Muuguzi alimtazama mama, akatazama vumbi letu, akamrudisha daktari kwenye kiti. Mama akawa wa mwisho kutibiwa.

Kesho yake walimfungua bandeji ya jicho moja, tukaanza kurudi. Gari lilipiga kelele kama mashine ya kusaga, mimi nikasinzia. Niliposhtuka, mama ameshika pazia kwa vidole viwili, ameinama kwenye kidirisha. Aliliachia haraka.

"Kumbe mumeo ameota mvi," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii nilikuwa nasikia kikohozi chake tu." Akajifuta jicho lile linaloona kwa kanga. "Usimwambie nimemwona."

Sikumwambia. Mama aliishi miaka mingine saba akiona, na kila alikokwenda na sisi, kanisani, sokoni, kliniki, alikwenda kwenye benchi lile. Kaka aliuza gari lake jekundu. Mama tumemzika mwaka jana.

Jumapili iliyopita mume wangu alikaa uani na kiwembe na maji ya sabuni, anyoe kichwa chote kwa sababu mvi zimezidi. Nilimwambia aziache. Akauliza kwa nini, ndipo nikamweleza. Aliweka kiwembe chini, akafungua komeo la ule mlango mdogo, akakaa kwenye benchi la mama. Nilimwita chai mara mbili, kisha nikamwacha.