Mtoto wa Kimya

Nakumbuka asubuhi moja katika zahanati ya Salale, mwanangu Rehema, na kwa miaka mingi nimeikana. Kila nilipoulizwa nilikuwa wapi dada yangu Zuhura alipojifungua, nilijibu kwamba nilikuwa nje nachota maji. Uongo. Nilikuwa ndani, nimemshika mkunga mkono.

Hadithi ya ukoo wetu umeinyonya pamoja na maziwa. Wakati wa vita vya Maji Maji, bibi yetu mkubwa alijifungua kwenye matete kando ya mto, askari wa Mjerumani wakipita hatua chache tu. Mtoto akatoka kimya. Askari wakaenda zao, watu waliojificha humo wakapona. Tangu hapo, mtoto wetu akizaliwa bila kulia huitwa mtoto wa kimya; wanawake hujifunika vinywa kwa kanga, wala hakuna wa kumgusa mpaka alie mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeandika kurasa tisini juu ya mila hiyo. Hakuna hata ukurasa mmoja uliouliza kama mtoto yule alikuwa akipumua.

Mtoto wa Zuhura akatoka mlegevu kama kitambaa kilicholowa, midomo rangi ya zambarau. Mkunga akanyoosha mkono. Nikaudaka.

"Subiri kidogo, dada. Kwetu huyu ni mtoto wa kimya."

"Wewe ndiye msomi?" akaniuliza. "Huyu hajanyamaza, huyu hapumui! Nipishe!"

Akanipiga kiwiko, nikakalia beseni. Elimu ya juu ikakaa chini. Akamkausha mtoto, akamsugua mgongo, kimya. Akamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha mpira, akabinya mfuko wa hewa. Kifua kikainuka, kikashuka. Akabinya tena, na tena. Mwisho mtoto akakoroma, kisha akalia kama mwanambuzi.

Ndiye kaka yako Hamisi. Alichelewa kutembea, na mguu wa kulia anauburuta mpaka leo, ingawa kwa mashine za boti hana mpinzani, na mdomo wake tangu siku ile haujafungwa. Niliwahi kumuuliza daktari kama chanzo ni mkono wangu uliomzuia mkunga. Akasema hakuna awezaye kujua. Huenda hewa ilimpungukia tangu tumboni. Hiyo "huenda" nimeivaa miaka yote kama hirizi.

Juma lililopita nikaivua. Bi Tatu, mama mkwe wako na binamu yangu, aliapa mbele ya jamaa kwamba utajifungulia nyumbani kwake, na mtoto akija kimya asiguswe. Nikasema yote.

Hamisi akacheka. "Kumbe ni wewe, mamdogo? Basi uninunulie viatu. Cha kulia huisha mapema."

Bi Tatu hakucheka. "Na yule wa vitani, mbona aliokoa ukoo?"



Mwanangu, mficha uchi hazai. Nenda Kibiti, kwenye hospitali, kabla siku hazijatimia. Usingoje uchungu ukukute huku deltani na maji yamekupwa, boti imekaa kwenye tope. Mwambie mkunga mapema: mtoto asipolia, asimwombe mtu ruhusa, hata mtu mwenye shahada. Wahenga walisema kawia ufike, lakini hawakuwa wakisema juu ya pumzi.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, simu ikaita. Shangazi Siwatu wa Mbwara, mkubwa wetu sote.

"Nasikia mnagombana kwa ajili ya mtoto wa vitani."

"Shikamoo, shangazi. Ndiyo."

"Marahaba. Yule hakupona. Bibi alimzika palepale kwenye matete. Sisi tumetoka kwa mdogo wake. Naye alitoka kimya vilevile, lakini safari hii bibi hakungoja. Alimsugua, akampulizia mdomoni mpaka akalia. Nimeshampigia Tatu, nimemwambia. Amenyamaza."

"Shangazi, mbona hukusema siku zote?"

"Nani aliniuliza? Wewe uliandika kurasa tisini, Mbwara hukufika." Akakohoa kidogo. "Mwambie Rehema aende Kibiti. Mungu amfungulie salama, na mtoto wake alie mpaka nimsikie huku."